Kutoka Ayany hadi shimo ambamo hesabu za Einstein hugonga mwamba

Msomaji mpenzi, Jumapili hii tunakualika katika safari ambayo huenda hujawahi kuifikiria. Nauli yake si kubwa. Sehemu ya kwanza ni matatu ya kutoka katikati ya jiji hadi Ayany, pale Kibera. Sehemu ya pili ni gari la kwenda Malindi, kisha mbele kidogo hadi kijiji cha wavuvi cha Ngomeni. Sehemu ya tatu haina nauli kabisa, kwa kuwa utaifanya kwa akili ukiwa umeketi nyumbani na jamaa yako. Na ni heri iwe hivyo, maana aendaye huko kwa mwili hana tikiti ya kurudi.

Safari yenyewe ni ya kwenda kwenye shimo jeusi, ndani kabisa, hadi mahali ambapo nadharia mashuhuri ya Albert Einstein hunyamaza kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Ukidhani jambo hilo ni la Wazungu wa mbali na darubini zao, subiri kwanza. Shimo jeusi la kwanza kutambuliwa na binadamu lilichunguzwa na chombo kilichoruka kutoka bahari ya Kenya, siku ya Jamhuri, kikiwa na jina la Kiswahili.

MTAA WENYE MAJINA YA MBALI

Tuanze Ayany. Ukishuka matatu jioni, makanga wakiita abiria wa kurudi mjini, utajikuta kati ya nyumba za mawe, maghorofa ya kupanga, vibanda vya mboga na majiko ya mahindi ya kuchoma. Jirani yako ni mtaa wa Olympic. Ukiendelea kuteremka, mawe yanaisha na mabati yanaanza, na reli ile ya zamani ya kwenda Kisumu inapita katikati ya watu. Jina Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, nalo limebaki tangu enzi za wazee Wanubi, askari wa King's African Rifles waliopewa makao hapa na serikali ya kikoloni.

Sidhani kuna sehemu nyingine ya Nairobi iliyosheheni majina ya safari kama hii. Kuna Fort Jesus, ingawa bahari haipo. Kuna Lindi, kuna Soweto, kuna Kisumu Ndogo. Mtoto wa Ayany aweza kutembelea miji ya nchi tatu kwa miguu na kurejea nyumbani kabla ya chai kupoa. Tena kuna kijiji kiitwacho Mashimoni, na jina hilo tutalikumbuka baadaye.

Kwa kawaida nyota hazionekani vizuri hapa. Taa za jiji huzifunika. Lakini stima inapopotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, watu hutoka nje na kugundua kwamba juu ya mabati kuna mbingu. Usiku wa namna hiyo, ikiwa ni Septemba na mawingu yamekupisha, simama mnamo saa mbili na uelekeze uso kaskazini. Katikati ya upeo na utosi utaona nyota zilizopangika kama msalaba mkubwa. Hilo ni kundi la Cygnus, ndege mwenye shingo ndefu. Katikati ya shingo hiyo, karibu na nyota iitwayo Eta Cygni, kuna kitu ambacho jicho lako haliwezi kukiona. Wataalamu hukiita Cygnus X-1. Ni shimo jeusi lenye uzito wa jua letu mara 21 hivi, nalo liko umbali wa miaka 7,200 ya nuru. Yaani mwanga unaotufikia leo kutoka huko ulianza safari kabla Farao wa kwanza hajazaliwa.

Je, kitu kisichotoa mwanga kilionekanaje? Jibu liko pwani. Twende.

NGOMENI, BANDARI YA ANGA

Kutoka Malindi unashika barabara ya kaskazini ya kwenda Garsen. Unapita Gongoni, ambako mabwawa ya chumvi yanametameta juani, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Ngomeni ni kijiji cha ngalawa, mikoko, nyavu na samaki wa kukaushwa. Lakini ukitazama baharini utaona kitu kisichofanana na ngalawa: majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu, mfano wa meza za majitu. Moja huitwa San Marco. Jingine ni Santa Rita.

Majukwaa hayo yaliletwa na Waitaliano katika miaka ya 1960, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa makubaliano na serikali ya Kenya. Kwa nini waliacha kwao wakaja Ngomeni? Kwa sababu hapa ni karibu kabisa na ikweta. Dunia inapozunguka, mtu wa ikweta husukumwa kuelekea mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, hata akiwa amelala kitandani. Roketi inayoruka kutoka hapa huanza safari ikiwa tayari imepigwa jeki. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hivyo ikianguka haimwangukii mtu.

Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba tangu ipate uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kilo 140 na ushei. Aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA alikuwa mwanamke, Bi. Marjorie Townsend, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra mno. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyokuwa mwenyeji, setilaiti ikapewa jina Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Eksirei ni zile zile zinazotumika hospitalini kupiga picha mfupa uliovunjika. Hewa ya dunia yetu huzizuia zisitufikie kutoka juu, nasi tunapaswa kushukuru, maana zingetudhuru. Lakini anayetaka kuziona ni lazima apande juu ya hewa. Njia ya ikweta nayo ilikuwa na faida nyingine: iliiepusha setilaiti na eneo lenye mionzi mikali juu ya Atlantiki ya kusini, ambayo ingeisumbua mitambo yake.

KITU KIDOGO, KIZITO

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kiongozi wa sayansi yake, Riccardo Giacconi, alikuja kutuzwa Nobel mwaka wa 2002. Lakini tuzungumze juu ya chanzo kimoja tu, kile cha kwenye shingo ya ndege.

Cygnus X-1 ilikuwa imegunduliwa kwa roketi ndogo mwaka wa 1964. Uhuru ilipoitazama kwa muda mrefu, ikaonekana kwamba eksirei zake zinapanda na kushuka haraka sana, katika sehemu ya sekunde. Jambo hilo dogo lina maana kubwa. Fikiria foleni ya watu wenye tochi kando ya barabara, na kila mmoja awashe pindi anapoona jirani yake amewasha. Foleni ikiwa fupi, zote zitawaka karibu kwa pamoja. Ikiwa ndefu, utangoja. Kitu cha angani nacho hakiwezi kumemeteka upesi kuliko muda ambao mwanga unahitaji kukivuka. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwanga husafiri kilomita 30,000. Kwa hivyo kile kitu kilikuwa kidogo kabisa kikilinganishwa na nyota za kawaida.

Ndipo wataalamu wa darubini za kawaida wakaelekeza macho yao pale pale, wakakuta nyota kubwa ya buluu. Mwaka wa 1971 na 1972, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, walionyesha kwamba nyota hiyo inazungushwa kila baada ya siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Ni kama kumwona mtu akicheza dansi gizani, mikono yake imeshikwa na mwenzi ambaye humwoni; kwa jinsi anavyovutwa, utakadiria uzito wa mwenzi huyo. Huyu alikuwa mzito mno. Hakuna kitu kidogo namna ile, chenye uzito ule, ambacho kingeweza kujizuia kuporomokea ndani yake chenyewe.

Hata hivyo wakuu wa sayansi hawakukubali haraka. Mwaka wa 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na rafiki yake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka wa 1990 alikubali kwamba ameshindwa. Kwa hivyo jina la Uhuru limo katika mlango wa kwanza wa kitabu cha mashimo meusi, hata kama kwetu kitabu hicho husomwa na wachache.

KITANDA CHA KAMBA

Tukiwa bado pwani, tafuta kitanda cha kamba. Viringisha gololi juu yake, zile ambazo watoto wa Nairobi huziita bano, nayo itakwenda moja kwa moja. Sasa mwambie babu aketi katikati. Kamba zitabonyea, na gololi itakayopita karibu itapinda na kumfuata. Hakuna aliyeivuta kwa mkono. Imefuata tu mbonyeo.

Hivyo ndivyo Einstein alivyoeleza mvutano mnamo Novemba 1915. Alisema kwamba nafasi na wakati vimefumwa pamoja, na kila chenye uzito hubonyeza mfumo huo. Sayari huzunguka jua kwa kufuata mbonyeo. Nadharia hii imepimwa mara nyingi na haijaanguka. Hata simu yako inayokuonyesha njia hutegemea saa za setilaiti zinazorekebishwa kwa kufuata nadharia hiyo.

Muda mfupi baadaye, Mjerumani Karl Schwarzschild, aliyekuwa askari katika vita dhidi ya Warusi, aliyapatia mahesabu ya Einstein jibu kamili la kwanza. Wakati huo huo, askari wa King's African Rifles walikuwa wakipigana na Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki. Schwarzschild alifariki kwa ugonjwa mwezi wa Mei 1916. Katika jibu lake mlikuwa na jambo la ajabu: ukigandamiza kitu vya kutosha, kunatokea mpaka ambao hata mwanga ukiuvuka haurudi. Dunia yetu yote, pamoja na Mlima Kenya na Bahari Hindi, ingelazimika kugandamizwa hadi iwe kubwa kama gololi. Jua lingebanwa hadi mpaka uwe kilomita tatu kutoka katikati. Cygnus X-1, kama isingekuwa inazunguka, mpaka wake ungekuwa kilomita 62 hivi kutoka katikati, karibu kama kutoka Nairobi hadi Machakos. Kwa kuwa inazunguka kwa kasi kubwa, mpaka huo ni mdogo zaidi.

KUVUKA MPAKA

Sasa, msomaji, tuingie. Lakini tusiingilie Cygnus X-1. Shimo dogo namna hiyo lingekuvuta miguu kwa nguvu kuliko kichwa, likakurefusha kama tambi hata kabla hujafika mpakani. Tuchague shimo kubwa lililo katikati ya kundi letu la nyota, liitwalo Sagittarius A*, lenye uzito wa jua mara milioni 4 na zaidi. Picha ya kivuli chake ilitolewa Mei 12, 2022. Jioni za Julai na Agosti, upande huo wa anga hupita juu ya Kibera, kusini kidogo ya utosi.

Watu wengi hudhani kwamba mpakani ndipo mambo yanapoharibika. Sivyo. Kwa mujibu wa Einstein, ungevuka mpaka wa shimo kubwa bila kugutuka. Hakuna ukuta, hakuna bango, hakuna askari wa forodha. Hesabu zinafanya kazi vizuri kabisa. Kilichobadilika ni kwamba njia zote zilizobaki zinaelekea ndani.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi havilielezi sawasawa. Katika shimo lisilozunguka, ukishavuka, katikati ya shimo si mahali palipo mbele yako, kama vile Machakos ilivyo mbele ya dereva. Imekuwa wakati ujao. Dereva aweza kugeuza gari asifike Machakos. Lakini hakuna dereva awezaye kugeuza gari ili asifike kesho. Ukipiga mbio, ukipiga breki, ukiwasha injini zako zote, kesho itakukuta. Katika Sagittarius A*, kesho hiyo ingekufikia katika muda usiozidi dakika moja na sekunde chache. Katika shimo kubwa kuliko hilo la M87, lile ambalo picha yake ilitolewa Aprili 10, 2019, ungekuwa na takriban siku moja na saa chache za kutafakari maisha yako.

Mwandishi wa habari ambaye angekubali kutumwa huko angeona mengi ya kuandika. Tatizo ni kwamba hangeweza kumtumia mhariri hata neno moja.

HESABU INAPOGOMA

Tumefika mwisho. Kuna nini hapo?

Chukua kalkuleta ya mtoto ugawanye moja kwa sifuri. Itakataa. Sababu yake si ngumu. Tuseme mmekodi matatu kwa shilingi 6,000 kwenda harusini. Mkiwa 12, kila mtu atatoa 500. Mkiwa wawili, 3,000. Ukiwa peke yako, zote. Je, kama hakuna abiria hata mmoja, kila abiria atalipa ngapi? Swali lenyewe halina maana. Kanuni ya kugawana nauli haikuwa mbovu. Ilipelekwa tu mahali ambapo haikutengenezewa.

Hesabu za Einstein nazo hufanya vivyo hivyo. Kadiri unavyokaribia mwisho, mbonyeo wa nafasi na wakati unaongezeka, unaongezeka, hadi nambari inapokosa kikomo. Wanasayansi huuita mwisho huo singulariti. Kwa muda mrefu wengi walijifariji kwamba ni kasoro ya michoro tu, kwamba nyota halisi haziporomoki kwa ulinganifu kamili. Mwaka wa 1965 Roger Penrose wa Uingereza aliwaondolea faraja hiyo. Alithibitisha kwamba, ikiwa Einstein yuko sawa na mpaka ukishafanyika, njia za ndani ni lazima zikatike, hata nyota iwe imeumbuka vipi. Kazi hiyo ilimpatia Nobel mwaka wa 2020.

Tazama uzito wa jambo hili. Nadharia yenyewe, kwa kinywa chake, inasema kwamba kuna mahali ambapo haiwezi kusema. Na mashimo yanayozunguka, kama Cygnus X-1, yana tatizo hata kabla ya hapo. Ndani yake kuna mpaka wa pili. Hesabu zinaonyesha kwamba nuru iingiayo kutoka nje hurundikana hapo na kupata nguvu za kutisha. Eric Poisson na Werner Israel walilieleza jambo hilo mwaka wa 1990. Ukijaribu kuendelea ng'ambo ya mpaka huo kwa kutumia Einstein peke yake, nadharia haikupi jibu moja. Ni kama ratiba inayokuambia basi litaondoka saa ngapi, lakini haisemi litakwenda wapi.

Je, ni kweli basi kwamba kuna kitu chenye uzito usio na kikomo mahali pasipo na ukubwa? Wanafizikia wengi hawaamini hivyo. Wamewahi kuona jambo la namna hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, fizikia ya zamani ilidai kwamba elektroni inayozunguka kiini cha atomu ingepoteza nguvu na kutumbukia ndani mara moja. Kwa hesabu hiyo usingekuwepo wewe, wala gazeti hili. Kosa halikuwa la atomu. Mwaka wa 1913 Niels Bohr alianza kuonyesha kwamba vitu vidogo vina sheria zao, sheria za kwanta, nazo huizuia elektroni isitumbukie.

Rudi kwenye kitanda chetu. Ukikitazama kwa mbali, ni kitambaa kilichotandazwa. Sogea karibu, ni kamba. Sogea zaidi, ni nyuzi za mnazi zilizosokotwa. Hesabu ya kitambaa ni sahihi hadi uzito unapokuwa mwingi mahali padogo; baada ya hapo ni lazima ujue habari za nyuzi. Einstein alitupa hesabu ya kitambaa. Nyuzi za nafasi na wakati, kama zipo, hatujaziona. Inakadiriwa kwamba katika shimo lenye uzito kama wa Cygnus X-1, hesabu yake ingeweza kuaminika hadi kwenye kiduara kidogo kuliko kiini cha atomu mamilioni ya mara. Ni hapo tu inapogonga mwamba.

Yapo mapendekezo. Wako wasemao kwamba vitu vyote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka. Wako wasemao kwamba nafasi yenyewe imefumwa kwa vitanzi, na kwamba kinachoporomoka hufika mahali kikadunda kurudi. Hakuna pendekezo hata moja lililothibitishwa kwa majaribio. Pamoja na hayo, Hawking aliongeza fumbo jingine mwaka wa 1974 alipoonyesha kwamba mashimo meusi huvuja joto kidogo kidogo na yaweza kuyeyuka. Je, habari za vitu vilivyomezwa hupotea milele? Ubishi unaendelea hadi leo.

HALIMO KATIKA MTIHANI?

Pengine mzazi atauliza: mambo haya yatanisaidiaje kulipa kodi ya nyumba? Swali ni la haki. Hebu turudi nalo Kibera.

Mwanafunzi akiinua mkono na kusema, "Mwalimu, na ndani kabisa ya shimo kuna nini?" mara nyingi ataambiwa, "Keti chini, hilo halimo katika mtihani." Mwalimu si mtu mbaya. Ana darasa lililojaa na silabasi ya kumaliza. Lakini siku hiyo mtoto hujifunza jambo la hatari: kwamba kila swali la maana limekwisha kujibiwa na mtu mwingine, mahali pengine, na kazi yake yeye ni kukariri. Akifika wakati wa kuchagua masomo, fizikia anaikimbia. Kwa miaka mingi chini ya mfumo wa 8-4-4 ndivyo ilivyokuwa; waliofanya fizikia katika KCSE walikuwa wachache kando ya wenzao wa biolojia.

Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti mara tisa kati ya 1967 na 1988. Baada ya hapo halikurusha nyingine. Kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea habari za setilaiti za wengine. Mwaka wa 2017 Kenya iliunda Shirika la Anga za Juu. Mwaka wa 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Aprili 15, 2023, setilaiti Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Ndiyo, California, huko mbali na ikweta, ilhali ikweta yenyewe inapita kwetu. Nchi iliyolipa jina tunda la kwanza la elimu hii, bado inapanga foleni kwa jirani kuomba kurushiwa chake.

Hata hivyo kuna habari njema, nayo ndiyo tumekuja kukuletea. Swali la ndani ya shimo halihitaji jukwaa la chuma baharini. Schwarzschild alilifanyia kazi akiwa vitani, kwa kalamu. Penrose alilifanyia kazi kwa karatasi. Hakuna nchi iliyolijibu, hivyo hakuna nchi iliyotutangulia kufika. Pale mwisho wa hesabu za Einstein, mtoto wa Princeton na mtoto wa Mashimoni wako sawa: wote hawajui. Tofauti ni kwamba mmoja ameambiwa swali liko wazi, na mwingine ameambiwa aketi.

Tena si swali la mashimo peke yake. Ukirudisha nyuma historia ya ulimwengu, miaka bilioni 13.8, hesabu zile zile hugoma kwa namna ile ile. Mwisho wa shimo na mwanzo wa kila kitu vimefichwa nyuma ya pazia moja. Atakayelifunua upande mmoja huenda akaona na wa pili.

Kwa hivyo, msomaji, stima ikipotea tena mtaani kwenu, usiwafokee watoto waingie ndani kulala. Watoe nje, uwaonyeshe kaskazini, uwaambie kwamba katika shingo ya yule ndege kuna shimo, na kwamba setilaiti iliyotusaidia kulijua iliitwa Uhuru na iliruka kutoka Ngomeni. Mmoja akikuuliza ndani yake kuna nini, mjibu kweli: "Hakuna ajuaye, mwanangu. Soma, uje utuambie."